Simula na Madebe ya Mkata

Nafasi ilikuwa moja, na tulioiomba katika shule nzima tulikuwa wawili: mimi na mke wangu. Wote tulikuwa walimu wa hesabu Korogwe, tukifundisha katika vyumba viwili vilivyopakana, kiasi kwamba nikinyamaza kidogo nilimsikia akieleza pembetatu upande wa pili wa ukuta, na wanafunzi wangu wakaanza kumsikiliza yeye. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kwenda Norwei kusoma kompyuta. Wazungu wa huko walikuwa wanasaidia mradi wa maji Handeni, katika vile vijiji vipya vya ujamaa ambako watu walihamia kabla bomba halijafika, na walitaka Mtanzania mmoja wa kuwasaidia kupanga vituo vya maji kwa kutumia mashine. Sharti lilikuwa ajue hesabu na asiogope baridi.

Mimi nilikuwa na uhakika wangu. Nilimtangulia mke wangu chuoni, nikamtangulia kazini, na isitoshe mtu wa Handeni nilikuwa mimi, mzaliwa wa Mkata. Yeye ni Msambaa wa milimani. Kwa hiyo kabla majibu hayajatoka nilikwenda kwa fundi cherehani jirani na stesheni nikashonesha suti ya Kaunda ya rangi ya majivu, kitambaa kizito kisichopitisha upepo. Nikawatuma watu wa basi wapeleke habari Mkata, na mama yangu akaniletea jogoo na dua ndefu. Majibu yalipokuja, mkuu wa shule alituita wote wawili ofisini kwake. Akakohoa, kisha akampa mkono mke wangu.

Suti ile niliivaa siku ya kumsindikiza stesheni. Ilikuwa mchana, jua la Korogwe mnalijua, na mimi nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Treni ilipoanza kutikisika kuelekea Mnyuzi alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Umependeza, Mwalimu." Ndivyo tulivyoitana, Mwalimu na Mwalimu, tangu siku za uchumba. Nilijua ananipa pole kwa namna yake. Pole ile iliniuma kuliko kama angenicheka.

Ulikuwa wivu, nisiuvishe nguo nyingine. Wenzangu shuleni walidhani naona wivu wa mume, kwamba nahofia vijana wa Kizungu. Hilo lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo. Wivu wangu mkubwa ulikuwa wa daftari. Nilikuwa nikiamka asubuhi, nafundisha kugawanya na kuzidisha, jioni nakwenda kulima shamba la ushirika la shule, na wakati wote nawaza kwamba kuna mtu amekaa mbele ya ubao mahali fulani anaelezwa jambo jipya, na mtu huyo si mimi.

Mama yangu alihama Mkata akaja kukaa nami kumtunza binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia. Barua za mke wangu zilikuwa za furaha, na mimi nilizisoma kwa hasira. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kunisoma mimi.

"Anasemaje mkwe wangu?"

"Anasema hajambo. Kuna theluji."

"Mbona umekunja uso? Theluji imekuangukia wewe?"

Lugha aliyokuwa anajifunza iliitwa Simula. Katika kila barua alinieleza kipande kidogo chake, na mimi, ingawa niliapa kutojali, nilikuwa nachukua kalamu ya risasi na kufuatisha. Alisema lugha nyingi za mashine ni za amri: fanya hili, kisha lile, ukimaliza rudi juu uanze tena. Hii ilikuwa na desturi nyingine. Kwanza unaeleza aina ya kitu, kina nini na kinajua kufanya nini. Labda unaeleza lori: lina uzito, lina dereva, linajua kwenda na kusimama. Ukishaeleza mara moja, unaweza kuzaa malori kadiri unavyotaka, na kila moja likaishi maisha yake ndani ya mashine, moja limelala, jingine linasubiri kupakiwa, jingine liko njiani, na yote yanafuata saa moja. Aliandika: "Huiamrishi dunia, Mwalimu. Unaijenga, halafu unaitazama inavyokwenda." Niliisoma sentensi ile mara nyingi, kisha nikaikunja barua na kuiweka chini ya godoro kwa sababu sikutaka kuiona tena.

Na lugha yenyewe haikuwa peke yake, ilikuwa na ukoo. Kulikuwa na kompaila, programu kubwa inayosoma ulichoandika na kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, tena inakutajia na makosa yako. Kulikuwa na kitabu cha mwongozo. Kulikuwa na vitu ambavyo watu wengine walikwisha kuviandika, foleni, saa, namna ya kupiga bahati nasibu, na mtu yeyote aliruhusiwa kuvichukua na kujenga juu yake bila kuanza upya. Kulikuwa na watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakiandikiana, huyu anauliza, yule anajibu, na hawajawahi kuonana. "Ni ujamaa mtupu," akaandika. Siku niliyoipokea barua hiyo nilikuwa nimetoka kupalilia mahindi ya shule, viganja vimechubuka. Nikasema kwa sauti peke yangu, ujamaa wa kukaa kwenye viti.

Alirudi baada ya mwaka na kidogo. Nilimpokea kwa furaha ya kweli, nisijisingizie ubaya ambao sikuwa nao. Lakini alirudi na koti, na kitabu kile cha mwongozo, na bunda la karatasi zenye vyumba vidogovidogo vya kuandikia programu, herufi moja kila chumba. Mradi ulimpa meza Korogwe na kazi ya kwanza: kupanga kituo cha maji cha kijiji kimoja kipya upande wa Mkata. Swali lilikuwa rahisi kulisema. Bomba lina nguvu kiasi hiki, watu ni kiasi hiki. Je, koki moja itatosha, au watu watachoka kungoja na kurudi kwenye lambo lenye maji ya matope? Mabomba ya chuma yalikuwa ghali na mafundi wachache, kwa hiyo walitaka kujua kabla ya kuchimba.

Mashine ya kuendeshea Simula haikuwepo kwetu. Mke wangu aliandika programu yake kwenye zile karatasi, akaifunga bahasha, akaipeleka posta. Kule Oslo watu waliitoboa kwenye kadi, matundu badala ya herufi, wakaipitisha kwenye mashine, kisha majibu yakarudi kwa ndege, kurasa ndefu zilizokunjwa kama kitambaa cha dukani, zikisema koki moja inatosha, maana foleni haikurefuka. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu, mwandiko mzuri, wenye mikia. Mtu fulani kule alikuwa anazipitia na kumsahihisha. Alama ya kuuliza hapa, mstari pale, na mahali pamoja neno ambalo mke wangu alilisoma akatabasamu.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo wa kalamu nyekundu."

"Anasema hapa nimeandika vizuri."

Nililala na kalamu nyekundu majuma kadhaa. Nilimpa umbo: mrefu, ndevu za dhahabu, mikono safi. Nikaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi kwa wino wa bluu ili nisiione rangi ile. Siku moja sikuvumilia, nikamwuliza huyo bwana ana umri gani. Mke wangu alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mlango. Alikuwa bibi mmoja mwenye wajukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kutoboa kadi, na ambaye kwa kutoboa programu za watu kwa miaka alikuwa ameijua lugha kuliko wanafunzi. Mama yangu alipoelezwa alicheka naye. Mimi sikucheka. Kwa maana sasa wivu wangu ulibaki bila mtu wa kumbebesha, ukarudi palepale ulipokuwa mwanzo, kwenye ile lugha.

Kwa sababu majibu yalichelewa sana, mke wangu alibuni namna ya kuijaribu programu hapa nyumbani kabla ya kuipeleka posta. Alihitaji mtu wa kuwa mashine. Akaniomba mimi.

Nilikataa kwanza, kisha nikakubali haraka kidogo kuliko ilivyostahili. Tulikaa kwenye meza ya chakula Jumapili mchana. Kizibo cha soda kilikuwa koki. Punje za mahindi zilikuwa akina mama. Ndani ya kikombe tulitia vikaratasi vyenye tarakimu ili kujua mama anayefuata atafika baada ya muda gani. Yeye alisoma alichokiandika, mimi nikatenda.

"Saa kumi na mbili asubuhi. Vuta karatasi."

Nikavuta.

"Mama mpya amezaliwa. Koki ina mtu?"

"Ina mtu."

"Basi ajiunge na foleni, alale mpaka aamshwe."

Nikaisukuma punje nyuma ya wenzake. Nakiri ilikuwa tamu. Kila punje ilikuwa na maisha yake: imefika saa ngapi, ina subira kiasi gani. Subira ikiisha, punje inatoka foleni inakwenda lamboni, yaani naitupa kwenye sahani. Nilipoanza kuuliza maswali alinikatiza: "Mashine haiulizi, Mwalimu." Nikanyamaza kama mashine. Lakini huku nasukuma punje, nikaanza kuwaona. Huyu ni mama mdogo, yule ni shangazi, na huyu mwembamba ni mke wa jirani yetu wa Mkata aliyekuwa na domo. Na kadiri nilivyowaona ndivyo nilivyoshindwa kuelewa wanachofanya pale.

Nikaishika punje moja juu kwa vidole viwili.

"Huyu mama amesimama hapa tangu alfajiri?"

"Mashine haiu..."

"Ngoja. Amesimama hapa tangu alfajiri?"

"Ndiyo. Anasubiri zamu yake."

"Na shambani kwake kuna nani?"

Mke wangu akaweka karatasi chini.

Lazima nieleze kwa wasioijua Handeni. Nyumbani kwetu maji ni ya kungojea. Nilikua hivyo, na mama yangu alikua hivyo. Lakini hakuna mwanamke wa Mkata anayesimama kwenye foleni. Ana shamba la mhogo, ana nyani wa kufukuza, ana jungu motoni. Anachokipanga kwenye foleni ni debe lake. Analipeleka mapema, analiweka nyuma ya lililotangulia, analitia alama yake, jiwe, jani, au kitambaa cha khanga kuukuu kwenye kishikio, kisha anakwenda zake. Madebe yanakaa kwenye mstari. Aliyepo kisimani anakinga lake, anakinga na la jirani yake aliye shambani, anayasogeza ya nyuma kwa mguu. Ukirudi jua limepanda unalikuta la kwako limejaa, limewekwa kivulini, limefunikwa jani. Nyumba yenye msiba debe lake linapelekwa mbele na hakuna anayeguna. Kuiba nafasi ya debe ni ugomvi mkubwa kuliko kumtukana mtu.

Mke wangu angeyajulia wapi haya? Kwao, huko juu Usambara, maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko. Mtu anainama anachota. Mkata alikuwa akifika wakati wa sikukuu, mvua imenyesha na mapipa ya chini ya paa yamejaa, na mama yangu, kwa kuringia mkwe mwalimu, hakuwahi kumtuma maji hata siku moja. Na wale waliomfundisha kule Norwei walikuwa wakipanga foleni wenyewe, kwa miguu yao, kila mtu na tiketi yake.

Nilimweleza yote hayo nikiwa nimesimama. Nilifurahi. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyokuwa nimefurahi kwa muda mrefu. "Akina mama zako wanachoka, wanakwenda lamboni," nikamwambia, "ndiyo maana programu yako inasema koki moja inatosha, foleni ni fupi kwa kuwa nusu yao umewafukuza. Debe halichoki! Debe litakaa pale mpaka kesho! Na mstari wako utafika barabarani." Nikagonga meza, punje zikaruka. Niliona kazi ya miezi yote inaanguka mbele yangu, kurasa na kadi na kalamu nyekundu, na mimi ndiye niliyeiangusha, mimi niliyebaki Korogwe.

Aliinamia karatasi zake. Nikadhani atalia, na nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza, maana sasa nilikuwa na uwezo wa kuwa mwema.

Akasema, "Mwalimu, hii ni nzuri sana."

Akachukua raba. Alifuta kidogo hapa, akafuta kidogo pale, kisha akavuta karatasi mpya na kuandika aina mpya ya kitu: debe. Debe lina mwenyewe. Debe lina alama. Debe linajua kukaa foleni na halina subira ya kuisha. Halafu akamtoa mama kwenye foleni akamwachia shughuli zake, aende shambani, arudi, na akiwa kwenye koki akinge la kwake na la jirani. Karatasi nyingine zote aliziacha kama zilivyokuwa.

"Na foleni?" nikauliza. "Foleni si uliiandika kwa ajili ya watu?"

"Foleni sikuiandika mimi, niliikuta. Na yenyewe haijali nani anasimama ndani yake, mtu au debe au lori. Inachojua ni nani yuko mbele na nani yuko nyuma."

Saa ile ndipo nilipoielewa lugha ile, na saa ile ndipo nilipoichukia kweli. Nilikuwa nimetegemea jengo libomoke. Kwa hesabu nilizozijua mimi, ukikosea mstari wa pili, kila kitu kinachofuata ni uchafu, unafuta ubao. Kumbe mwenzangu alikuwa na nyumba inayokubali kung'olewa tofali moja na kutiwa jingine, nayo imesimama, na wapangaji wamo ndani wanapika. Nani asingetamani kuishi na kufikiri hivyo? Alifanya kazi mpaka jua likazama, akinisahau kabisa, na mimi nikakusanya punje zangu kwenye kikombe.

Majibu mapya yaliporudi kutoka Oslo yalisema koki tatu, na sehemu ya kivuli ya kuwekea madebe yaliyojaa. Tuliitwa Handeni kwenye mkutano wa mradi. Mke wangu alisimama mbele ya mabwana wakubwa na mhandisi wa Kizungu, akaeleza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Alipofika kwenye madebe akaninyooshea mkono. Akasema, "Hili mimi sikulijua. Aliyeliona ni mume wangu, yule pale, kwa kuwa ni mtu wa Mkata."

Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Kisha wakamgeukia yeye wakapiga makofi zaidi. Mzee mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Umeona unyenyekevu? Msomi mzima, anamtaja mumewe." Basi hata kile kilichokuwa changu, kwa kukitaja tu, kikawa sifa yake. Mhandisi alikuja akanishika mkono kwa nguvu. "Kumbe ndiye wewe," akasema kwa Kiswahili chake, "mume!" Nikasema ndiye mimi.

Sijui mtu afanyeje na wivu wa namna hii. Mtu akikuibia, unampigia kelele. Huyu alikuwa hajaniibia kitu, alinigawia. Njiani kurudi, basi limejaa mihogo ya Mkata, alilala begani kwangu akiwa amechoka, na mimi nikawa napanga maneno ya kumwambia, nayafuta, napanga mengine. Tulifika Korogwe sijapata hata moja la haki.

Baada ya mavuno, mkuu wa mradi alikuja nyumbani kwetu pamoja na mhandisi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa mkekani na mjukuu wake wanapukuchua mahindi. Mke wangu akaleta chai na mihogo ya kuchemsha, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mkuu wa mradi alikuwa mtu mzima, wa adabu, akazungumza kwanza juu ya mvua, juu ya mkonge kushuka bei, juu ya afya ya mama. Kisha akaweka kikombe chake pembeni na kunigeukia.

"Ndugu Mwalimu, wenzetu wa Norwei wameiona kazi ya mama hapa. Wanamtaka arudi. Safari hii apange maji ya mkoa mzima, kulekule penye mashine, na afundishe vijana wengine watakaokuja. Si mwaka mmoja. Ni miaka miwili, na huenda ikaongezeka. Sasa hatuwezi kumchukua mke wa mtu bila kusikia kauli ya mwenyewe. Tumekuja kukusikia."

Mama akaacha kupukuchua. Mtoto aliendelea.

Nilifikiri haraka, na nilijiona mjanja. Nikikataa, Korogwe nzima itasema wivu, na watakuwa wamesema kweli. Nikikubali, narudi kule kwenye mwaka ule, na safari hii ni muda mrefu zaidi. Lakini kulikuwa na njia ya tatu. Mwanamke aliyelelewa vizuri, mama mkwe wake anasikiliza, mtoto yuko miguuni, wageni wamekaa: ukimtupia neno yeye atainamisha kichwa aseme mume wangu ndiye mwenye kauli. Akishasema hivyo, heshima imerudi kwangu, na kutoka hapo naweza kupiga hatua ninayoitaka, pengine hata kuwa mkarimu. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikasema kwa sauti pana:

"Mimi sina neno. Aulizwe mwenyewe."

"Nitakwenda," mke wangu akasema.

Hakuinamisha kichwa. Sidhani hata nilikuwa nimefunga mdomo. Mkuu wa mradi akanitazama, akatazama chai yake, akasema alhamdulillahi. Mhandisi akamuuliza kama atahitaji muda wa kujiandaa, akasema hapana, au kidogo tu, kwa ajili ya mtoto. Wakaagana nasi vizuri. Niliwasindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa, nikapunga mkono mpaka gari likapotea kwenye vumbi, kisha nikarudi.

Alikuwa anakusanya vikombe.

"Umejibu upesi sana," nikasema.

"Nimeulizwa."

"Mbele ya mama yangu. Na mtoto amekaa hapo. Hata kusita, Mwalimu? Hata kunitazama kwanza?"

Akaviweka vikombe chini. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi, maana mimi nilikuwa nayo ya kutosha sisi wawili.

"Nikuulize na wewe unijibu kweli," akasema. "Angekuja mtu yule leo, akasema wewe ndiye unayetakiwa kule. Ungesita?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na mtoto, nilikuwa na mama mzee, nilikuwa na wanafunzi wa mtihani, nilikuwa na nchi changa inayotuhitaji hapahapa. Yote yalikuwa mazuri na ningeweza kuyasema kwa ufasaha mbele ya darasa. Mama alikuwa ananitazama kutoka mkekani, ameshika gunzi.

"Nisingesita," nikasema.

"Najua," akasema. "Ungekwenda, na mimi ningebaki hapa na mtoto, nafundisha pembetatu, na ningekuonea wivu mpaka nisiweze kuzisoma barua zako."

Akachukua vikombe vyake akaingia navyo ndani.